Mashine Iliyozinduliwa Mara Nne

Jumapili iliyopita, baada ya kula wali na kujinyoosha kwenye mkeka, Mwantumu Semboja aliota amesimama kwenye foleni nje ya chuo cha ufundi cha mji wa Kiwambo. Foleni ilikuwa na mtu mmoja tu, yaani yeye mwenyewe, na bado ilikuwa haisogei.

Mwantumu si mtu wa kuota ovyo. Ana miaka arobaini na minane, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiwanda cha magunia, kwenye mashine namba saba. Mashine hiyo ikikohoa, yeye anajua inaumwa wapi kabla mtu hajafungua boksi la spana. Mwezi uliopita menejimenti ilibandika tangazo: asiye na cheti asiguse mashine. Mwantumu hakuwa na cheti, akasimamishwa kazi siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, nyuzi zikiwa bado zimemganda kwenye nywele. Akaandika maombi chuoni apimwe ujuzi alionao. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: mwombaji hana sifa za kujiunga, asante kwa kuchagua chuo chetu.

Hakulia. Aliikunja barua, akaiweka chini ya godoro, akaendelea kuishi na hasira yake kama mtu anayeishi na mgeni asiyesema ataondoka lini.

Sasa yuko kwenye foleni. Anasogea hatua moja, na foleni inasogea naye, inabaki ndefu vilevile. Mwishowe anaikanyaga. Foleni inasema, "Samahani," na kumpisha.

Dirishani yupo Bwana Chambuso, karani wa usajili. Mwantumu anamfahamu, kwani ndiye aliyepokea maombi yake bila kuinua macho. Leo Bwana Chambuso ni mtu kuanzia kifuani kwenda juu. Kuanzia kifuani kwenda chini ni kabati la mafaili la chuma, lenye droo nne na kufuli moja.

"Karibu, mama."

"Ahsante, baba. Nimekuja kuulizia zile sifa."

"Umekuja nazo?"

"Sifa gani hizo?"

"Sifa za kujiunga. Weka hapo." Bwana Chambuso anaonyesha mizani, mizani ileile ya kupimia marobota ya mkonge. "Aliyepita asubuhi alikuja na mjomba wake. Mjomba alimsifu kwa saa tatu bila kunywa maji. Zilifika kilo arobaini."

"Na yeye mwenyewe anajua kufanya nini?"

"Hatukumwuliza, mama. Mizani ilitosha."

Mwantumu anasema hana wa kumsifu. Mumewe ni marehemu, na majirani zake wanamjua kwa ukali. Ila anajua kufuma gunia, na anajua kuirekebisha mashine inayolifuma. Je, hilo halina uzito?

Bwana Chambuso anavuta droo yake ya pili, ile ya tumboni, anatoa faili lililoandikwa UZOEFU. Analipuliza. Vumbi linatoka, na baada ya vumbi hakuna kitu.

"Uzoefu huwa tunauandika kwa penseli," anaeleza.

"Kwa nini kwa penseli?"

"Ili ufutike vizuri."

Mwantumu anasogea karibu. Anataka kupiga ngumi dirisha, lakini dirisha linajikunja pembeni kwa woga, kwa hiyo anaishusha ngumi.

"Usikasirike, mama," anasema Bwana Chambuso. "Kwa watu wa aina yako tuna kozi fupi. Mlango ni ule pale."

Mlango wa kozi fupi unamfika magotini. Kozi ni fupi kweli. Mwantumu anasimama mbele yake, anautazama. Kando yake pana mlango wa kozi ndefu, unaopanda hadi kupotea mawinguni, na juu kabisa, mbali, kitasa chake kinang'aa.

"Aliyeweka kitasa pale alikuwa na akili gani?" anauliza.

"Alikuwa na shahada," anajibu Bwana Chambuso, na kufunga droo.

Basi Mwantumu Semboja, mwanamke mwenye wajukuu watatu, anajifunga khanga vizuri, analala kifudifudi kwenye sakafu ya chuo cha umma, anapita kwa tumbo. Anapita huku akisema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba hata mjusi angeona aibu kuwekewa mlango kama huu. Mjusi mmoja ukutani anakubali kwa kichwa.

Ndani kuna korido. Ukutani pameandikwa kwa rangi ya bluu: ELIMU HAINA MWISHO. Mwantumu anatembea. Anatembea tena. Maandishi yale yanapita mara ya kwanza, mara ya tisa, mara ya thelathini, na korido haina mwisho. Kila baada ya hatua chache kuna tundu kwenye ukuta, na ndani ya kila tundu amesokomezwa mtu, mabega yamebanwa, miguu inaning'inia. Wote wamevaa joho la mahafali.

"Nyie mnafanya nini humo?" Mwantumu anamwuliza mmoja, dada mwenye miwani.

"Tunaziba pengo, mama. Tulipomaliza masomo mgeni rasmi alisema tunakwenda kuziba pengo la mafundi nchini."

"Pengo lenyewe ndilo hili?"

"Ndilo tuliloonyeshwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mahafali. Mama, huko nje mvua zimeshaanza?"

Mwantumu anamshika mkono, anavuta. Dada hatoki. Juu ya kichwa chake kimetundikwa cheti kwenye fremu, na cheti kinakohoa kidogo, kama mzee anayetaka kusikilizwa.

"Mwache," kinasema cheti. "Fundi ni mimi. Huyu ni wa kunibebea tu."

"Wewe umewahi kufunga nati hata moja?"

"Nimefungwa na nati nne. Nne! Tena za shaba."

"Nimekuuliza umewahi kufunga."

Cheti kinajinyoosha kwenye fremu. Kisha kinasema kwamba swali hilo haliko kwenye mtaala.

Hapo ndipo Mwantumu anasikia kilio. Si kilio cha mtu mmoja. Ni kilio kizito, cha mabati na mabomba, na korido, ambayo haikuwa na mwisho, inakwisha ghafla kwenye uwanja wa chuo, mchana kweupe. Viwanda vyote vya Kiwambo vimekaa chini kwenye nyasi, vimekunja kuta zao, vinalia.

Kila mwaka kwenye hotuba husemwa kwamba viwanda vinalia kwa kukosa mafundi. Mwantumu aliwahi kuyasikia maneno hayo redioni akadhani ni maneno tu. Sasa anaviona. Kiwanda cha saruji kinalia vumbi. Kiwanda cha nondo kinalia kutu. Kiwanda cha magunia kimejitenga peke yake karibu na goli la mpira, kinalia mafuta yale ya kulainishia mkonge, nao mkondo umeshafika katikati ya uwanja.

"Mwantumu," kinasema kikimwona. "Mbona hujaja kazini?"

"Huoni aibu kuniuliza? Ulinisimamisha!"

"Mimi? Mimi ni matofali na mabati. Waliokusimamisha wako ofisini, na ofisi ina kiyoyozi, haisikii ninachosema." Kiwanda kinapenga kwa dohani. "Namba saba haijafuma tangu Alhamisi ile walipokusimamisha. Walimleta mwenye cheti."

"Ikawaje?"

"Cheti ni kizima kabisa. Hakina hata mkunjo. Mashine ndiyo mgonjwa."

Hasira ya Mwantumu, ambayo mpaka hapo ilikuwa ya kwake mwenyewe, inapanuka. Anafikiria namba saba imesimama gizani, uzi umekatika, wale wasichana watatu waliokuwa wakifanya naye kazi wamekaa juu ya marobota hawana la kufanya. Anafikiria mtu aliyekaa mahali penye baridi akaandika lile tangazo, akaweka nukta mwishoni, akaenda kunywa chai.

"Usilie," anakiambia kiwanda. "Mnakuja kulilia hapa kwa watu wanaoziba matundu kwa binadamu? Simama. Jishikilie."

Kiwanda kinajaribu kusimama. Kengele inalia. Uwanja unaondoka, na Mwantumu yuko karakana, kwenye mtihani.

Karakana ni safi kuliko hospitali. Spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na hakuna hata moja yenye alama ya mkono. Katikati kuna kitu kikubwa kimefunikwa nailoni, kimezungushiwa utepe mwekundu. Mbele yake kuna meza, na nyuma ya meza amekaa mgeni rasmi. Mgeni rasmi ni mkasi. Ni mkasi mrefu wa kukatia utepe, umebandikwa ua kifuani, na unaongea kwa kufunguka na kufumba.

Pembeni amesimama mwalimu wa ufundi, Nakijwa, ameshika funguo. Mwantumu anamfahamu huyu vizuri. Miaka kumi na mbili iliyopita Nakijwa alikuwa mwanafunzi wa chuo hikihiki, akaletwa kiwandani kwa mafunzo ya wiki nane, na wiki zote nane alikaa bega kwa bega na Mwantumu. Alifika akiogopa hata mkanda wa mashine. Aliondoka akijua kutofautisha mlio wa uzi uliolegea na mlio wa uzi uliochoka.

"Shikamoo, mama," anasema Nakijwa, akiangalia sakafu.

"Marahaba."

Mwantumu anavuta kiti. Kiti kinarudi nyuma.

"Samahani, mama," kinasema kiti. "Faili lako linasema umesimamishwa. Halisemi popote kwamba umekalishwa."

"Sawa. Nitafanya nikiwa nimesimama. Miaka ishirini na miwili nimesimama, mguu umezoea."

"Kabla ya mtihani," unasema mkasi, "tunazindua."

"Tena?" inasikika sauti chini ya nailoni.

Mwantumu anageuka. "Nani huyo?"

"Ni mimi," inasema sauti. "Mimi ni mashine ya kufuma. Nimezinduliwa mara nne. Nimepigiwa ngoma, nimepigwa picha, nimeshikwa mkono na wakubwa. Sijawahi kuwashwa."

Mwantumu anamtazama mwalimu.

"Nakijwa. Iko hapa tangu lini?"

"Mwaka wa tisa huu, mama."

"Kwa nini haifanyi kazi?"

"Hakuna anayejua kuitia uzi. Kitabu chake kilikuja kwa lugha tusiyoijua. Na mkuu wa chuo anasema, ikiharibika, nani atajibu?"

"Mwaka wa tisa. Na mimi nipo mji huuhuu, mtaa wa pili kutoka hapa. Unapajua kwangu. Umekula kwangu."

"Niliona jina lako kwenye maombi, mama," anasema Nakijwa, na sauti yake ni ndogo kama ya siku ile alipouogopa mkanda. "Nilisema. Wakaniambia huna sifa."

"Ulisema mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja ni chafya, Nakijwa. Mtu akisema jambo mara moja, watu humwambia afya, wakaendelea na kikao."

Nakijwa anazifumbata funguo kiganjani.

"Swali la kwanza," unasema mkasi. Nailoni inajifunua kidogo pembeni, vya kutosha kuonyesha kile kipande cha mbao kinachokimbia na uzi kushoto na kulia. "Taja jina la kifaa hiki."

"Panya," anasema Mwantumu, kwa sababu ndivyo kinavyoitwa kiwandani tangu kabla yeye hajaajiriwa.

"Kosa."

"Lakini ni changu," inasema mashine, "na mimi nimelipenda jina hilo."

"Mashine haina mamlaka ya kujijua," unasema mkasi. "Swali la pili. Taja jina la aliyekufundisha, na namba ya cheti chake."

Na hapo Mwantumu Semboja anakatika, kama uzi unavyokatika, kwa mlio mmoja.

"Aliyenifundisha ni Bi Asumini, Mungu amrehemu, aliyepoteza vidole viwili kwenye namba tatu na akarudi kazini na vinane! Cheti chake kilikuwa ni hicho, vidole viwili! Na yeye alifundishwa na mama mmoja ambaye hata jina lake halikuandikwa popote, kwa sababu aliyekuwa na kalamu hakumwona! Nyie mnatuuliza sifa? Mashine mnaifunga kama maiti, mnaikatia utepe, halafu mnakwenda redioni kusema viwanda vinalia? Vinalia kwa sababu yenu! Watu wazima mnawapitisha kwa tumbo! Watoto wa watu mnawasokomeza ukutani! Aibu hamna, lakini mizani mnayo!"

Anapumua. Mkasi unafunguka, unafumba. Ua limeanguka kutoka kifuani kwake.

Mwantumu anaishika nailoni kwa mikono miwili na kuivuta chini. Vumbi la miaka tisa linainuka. Mashine iko pale, rangi yake ya kijani haijakwaruzwa popote, na kwa kweli ni nzuri, ni nzuri kuliko namba saba ilivyowahi kuwa.

"Naogopa," inasema mashine kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Kama sitaweza?"

"Siku yangu ya kwanza nilijifungia chooni nikalia mpaka wakanigongea. Tulia. Nipe mdomo huo."

Anaanza kuitia uzi. Vidole vinakwenda vyenyewe, juu, chini, kupitia tundu, kuzunguka, kukaza, kulegeza kidogo. Anaizungumzisha kama mkunga anavyomzungumzisha mzazi wa mara ya kwanza. Hapo, mwanangu. Usijikaze. Vizuri. Mkasi unaruka kutoka mezani kuja kuukata uzi, ukipiga kelele kwamba hakuna kinachoanza bila kukatwa. Mwantumu anaudaka hewani, anauzungushia uzi wa mkonge, anaufunga mafundo mawili, anaulaza sakafuni. Anaendelea.

Mlango unafunguka kwa kishindo. Ni Bwana Chambuso, anajikokota na droo zake zote wazi, mafaili yanamwagika nyuma yake.

"Mama! Umegusa! Utasimamishwa!"

"Nimeshasimama," anasema Mwantumu bila kugeuka, na kuvuta wenzo.

Mashine inatoa mlio mmoja wa mashaka. Kisha wa pili. Kisha panya anakimbia kushoto, anakimbia kulia, na kitambaa kinaanza kushuka, uzi kwa uzi, sentimeta kwa sentimeta, kikiwa kimebana, hakina pengo hata la kupita sindano.

"Nakijwa!" Mwantumu anaita juu ya kelele. "Njoo ushike huku!"

Nakijwa amesimama palepale na funguo zake. Anainua mguu mmoja. Bado hajaushusha.

Simu ilikuwa inalia.

Mwantumu alifumbua macho. Jua la saa tisa lilikuwa limeingia hadi katikati ya mkeka. Alipapasa, akaipata simu chini ya mto, akaangalia jina. Lilikuwa jina ambalo halikuwa limempigia kwa zaidi ya mwaka.

"Shikamoo, mama. Samahani kukusumbua Jumapili. Ni Nakijwa."

"Marahaba. Sema."

"Mama, niko chuoni, nilikuja kusahihisha madaftari." Alisikika kama mtu anayetembea huku akiongea, halafu akasimama. "Hapa karakana kuna mashine ya kufuma. Sijui kama niliwahi kukwambia."

"Hukuwahi."

Hilo lilikuwa kweli. Mwantumu hakuwahi kuvuka dirisha la usajili, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba chuo kina mashine yoyote ya magunia.

"Ipo, mama. Siku zote inafunikwa. Na mwenye funguo ni mimi peke yangu, na umeme wa jengo hili umezimwa tangu Ijumaa." Akapunguza sauti. "Mama, nilikosa mimi. Maombi yako yalipofika nilitakiwa kupiga kelele. Nilisema mara moja tu, nikakaa chini. Kesho nitaingia kwa mkuu na sitatoka mpaka waniitie askari. Lakini sikukupigia kwa hilo. Nimekupigia kwa sababu nailoni iko sakafuni. Na nimeigusa mashine."

"Ikawaje?"

"Ina joto, mama."

Mwantumu alikaa kitako. Nje, mtu alikuwa anapita akisukuma baiskeli, mnyororo wake ukilia kwa kukosa mafuta. Hasira ilikuwa bado ipo kifuani, haikuwa imepungua hata kidogo, ila sasa ilikuwa imepata mahali pa kwenda.

"Mkono wako uko wapi sasa hivi?" aliuliza.

"Uko juu yake."

"Usiutoe," alisema Mwantumu, akivuta viatu kwa mguu. "Nakuja."